Karafuu Katika Jiko la Nürnberg

Nürnberg, mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Bavaria, una biskuti yenye sheria yake. Anayetaka kuiita Elisenlebkuchen lazima robo ya donge lake, kwa uchache, iwe lozi, hazeli au jozi, na unga wa nafaka usizidi sehemu moja ya kumi. Akipunguza lozi ili aongeze unga, atafute jina jingine. Juu ya hilo, tangu 1996 Umoja wa Ulaya unalilinda jina la Nürnberger Lebkuchen: biskuti hiyo lazima iokwe ndani ya mipaka ya mji wenyewe. Mwokaji wa Berlin anaweza kufuata kipimo kilekile, atumie asali ileile na viungo vilevile, lakini jina hilo si lake.

Sheria hiyo ni ya viwanda na maduka. Nyumbani mwenye amri ni bibi.

Bibi aliyenipokea anakaa mtaa wa St. Johannis, mwendo mfupi kutoka makaburi alikozikwa mchoraji Albrecht Dürer. Nilifika kwake kupitia binti yake, ambaye tulifahamiana Unguja alipokuja kujifunza Kiswahili. Wajukuu wawili, mvulana wa miaka kumi na dada yake wa miaka saba, wanamwita Oma, na mimi nikafuata hivyo hivyo, maana kumwita kwa jina lake mtu aliyemzidi mama yangu umri kulinishinda. Yeye alifurahi. Alisema kwa mara ya kwanza amepata mjukuu mwenye mvi.

Jumamosi inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, jiko la Oma huwa halina nafasi ya kuweka hata kikombe. Meza imetandazwa unga. Dirishani zimepangwa trei. Juu ya kabati kuna mikebe ya bati, mingine ina kutu pembeni, na kila mmoja una kazi yake inayojulikana na nyumba nzima: huu wa nyota za mdalasini, ule wa vimwezi vya lozi na vanila, ule mrefu wa Lebkuchen. Nyota na vimwezi ni kazi ya watoto. Wanasukuma donge, wanakata kwa vibati, wanagombana juu ya kibati cha kulungu, wanapatana. Lebkuchen ni kazi ya wakubwa, ila ikifika hatua ya kupamba kila mtu ana haki.

Katika nyumba nyingi za Kijerumani uokaji huu hauanzi siku ya Krismasi wala mkesha wake. Unaanza wiki nne kabla na kuendelea Jumapili hadi Jumapili, kila Jumapili ikiwashiwa mshumaa mmoja zaidi kwenye shada la majani mabichi. Desturi ya shada hilo ilianzishwa na mchungaji Johann Hinrich Wichern mwaka 1839, katika nyumba aliyowalelea watoto maskini huko Hamburg, na ilichukua muda mrefu kuenea nchi nzima. Lebkuchen ni ya zamani kuliko hapo kwa karne nyingi.

Zawadi yangu ilikuwa pakiti chache za karafuu za Pemba, zile zinazofungwa kwa ajili ya wageni, nilizozinunua sokoni Darajani, Unguja. Oma alifungua moja, akachukua punje, akaibana kwa ukucha chini ya kichwa. Mafuta yakatoka. Akanusa kidole, kisha akachukua nyingine, akaitazama kama kichwa kipo au kimedondoka. Mtu aliyekulia kwenye karafuu angefanya vivyo hivyo, na huyu hajawahi kuuona mkarafuu maishani mwake. Ameoka kwa zaidi ya miaka 60, na mikono yake imejifunza kuitambua karafuu kwa njia yake.

Viungo vya Lebkuchen hatwangi siku moja kabla, akihofia harufu itapotea. Anatwanga papo hapo kwenye kinu kidogo cha shaba alichorithi kwa mama yake: mdalasini kwa wingi, karafuu, iliki, giligilani, tangawizi kavu, kungumanga, basibasi na anisi. Ukitoa anisi, ukatia bizari nyembamba na pilipili manga, una viungo vya pilau. Nilipomwambia hivyo alitaka kujua nyama inastahimili vipi iliki, na mazungumzo yakahamia kwenye pilau kwa muda wa kutosha kuunguza trei nzima ya nyota.

Donge la Elisenlebkuchen ni rahisi kulieleza, gumu kulipatia. Mayai matano yanapigwa na sukari gramu 250 mpaka yaumuke na kuwa meupe. Zinafuata lozi na hazeli zilizosagwa, gramu 200 kila moja, kisha maganda ya machungwa na ya balungi kubwa yaliyopikwa kwa sukari na kukatwa vipande vidogo kama punje za mchele, kisha viungo. Unga wa ngano Oma hatii kabisa. Donge linatoka zito, linanata, halikubali kusukumwa wala kukatwa. Kwa hiyo linapakwa kwa kisu juu ya kaki nyembamba nyeupe, zilezile hostia ambazo Wakatoliki wanazijua kanisani, tofauti ikiwa hizi hazijabarikiwa. Kaki hiyo huzuia biskuti isigande kwenye trei. Wengi wanasema desturi hii ilianzia kwenye majiko ya watawa, ambao hostia walikuwa nazo tele.

Kinachofuata ni subira. Biskuti zinaachwa usiku kucha zikauke juu, zishike ngozi. Ukizitia jokoni mapema zinatambaa na kupoteza umbo. Ukizingoja, zinainuka kidogo katikati na ndani zinabaki laini. Moto ni nyuzi 160, dakika 20 na ushei. Zikitoka zinapakwa chokoleti au sukari laini iliyokorogwa na maji, na lozi tatu zinapangwa juu.

Oma ana donge la pili pia, la asali, na hilo ndilo lililonivutia zaidi. Alilikanda mwezi Oktoba: asali iliyopashwa moto, unga wa ngano na unga wa rai, nafaka ya huku, basi. Akalifunika na kuliweka ghala la chini ambako ni baridi. Linakaa huko wiki nyingi, na polepole uchachu mdogo unajengeka ndani yake. Siku ya kuoka ndipo anapotia viungo na vitu viwili vya kuumulia. Cha kwanza ni potashi, chumvi ambayo zamani ilipatikana kwa kuchuja majivu ya kuni, jamaa wa karibu wa magadi yetu. Ikikutana na ule uchachu inatoa hewa, na biskuti inatanuka kwa upana. Cha pili ni chumvi ya amonia, ambayo huiinua biskuti kwenda juu. Mlango wa joko ukifunguliwa mapema, watoto wanakimbia wameziba pua. Amonia inafaa kwa biskuti nyembamba peke yake, kwa sababu humo inapata njia ya kutoka yote. Kwenye keki nene ingebaki ndani na kuharibu ladha.

Biskuti hizi za asali zinatoka ngumu. Zinawekwa mkebeni pamoja na kipande cha tofaa, kinachobadilishwa kila baada ya siku chache, na unyevu wake unazilainisha taratibu. Kufika Krismasi zinatafunika vizuri hata kwa mtu mwenye meno ya kubandika.

Swali la kwa nini Nürnberg, na si mji mwingine wowote wa Ujerumani, lina jibu zuri. Mji hauna bahari. Mto wake, Pegnitz, haupitishi vyombo vya mizigo. Ulichokuwa nacho ni msitu na barabara. Msitu mkubwa wa kifalme uliouzunguka ulikuwa na nyuki wengi, na mwaka 1350 mfalme Karl wa Nne aliwapa warina asali wake hati ya haki zao. Walikuwa hata na mahakama yao katika kijiji cha Feucht, ambako leo kuna jumba la makumbusho ya kazi yao. Barabara nazo zilikutana hapa kutoka pande zote. Iliyokuwa na faida kuliko zote ilikwenda kusini kuvuka milima ya Alps hadi Venice, ambako wafanyabiashara wa Kijerumani walikuwa na jumba lao la kulala na kuhifadhi bidhaa kando ya daraja la Rialto. Asali ya msituni ikakutana na viungo vya mbali. Mwokaji wa Lebkuchen ametajwa katika kumbukumbu za mji tangu 1395, na mwaka 1643 waokaji hao wakapata chama chao cha ufundi, mbali na waoka mikate wa kawaida.

Watoto wa nyumba hii wanaipenda hadithi ya 1487. Mwaka huo Kaisari Friedrich wa Tatu alikuwa mjini, akawaita watoto wa Nürnberg na kumgawia kila mmoja biskuti yenye sura yake mwenyewe. Inasemekana walifika kama 4,000. Mvulana anauliza kila mwaka kama kulikuwa na waliokosa.

Katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Kijerumani, Germanisches Nationalmuseum, liko tufe ambalo kila mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akifika mji huu anastahili kulitazama. Alilitengeneza Martin Behaim, mwana wa wafanyabiashara wa hapahapa aliyeishi Ureno, kati ya 1492 na 1493, akisaidiwa na mafundi wa mji. Ndilo tufe la dunia la zamani kuliko yote yaliyosalia. Amerika haimo, Columbus alikuwa hajarudi na habari zake. Lakini katika Bahari ya Hindi, mahali ambapo si pake kabisa, kimechorwa kisiwa chenye jina la Zanzibar.

Tufe hilo lina maandishi mengi, na mojawapo linahusu viungo. Behaim anaorodhesha mikono ambayo viungo hupitia tangu visiwa vya mashariki hadi duka la rejareja Ujerumani: wanunuzi wa Java, wa Ceylon, wa Aden, wa Cairo, wa Venice na wengineo, jumla mikono kumi na miwili, kila mmoja ukitoa ushuru wake na kuchukua faida yake. Asishangae mtu, anaeleza, kuona viungo vina thamani ya dhahabu. Alikuwa anawaandikia matajiri wa mji wake, na ujumbe ulikuwa wazi: atakayepata njia ya kuiruka mikono hiyo atatajirika.

Njia ilipatikana haraka, na ilipita kwetu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na huko akapewa mwongozaji wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 mfalme wa Ureno alituma kundi kubwa la meli chini ya Francisco de Almeida. Matajiri wa Augsburg na Nürnberg waliomba kuingiza fedha katika safari hiyo, wakakubaliwa. Walioongoza walikuwa Welser na Fugger wa Augsburg. Kutoka Nürnberg zilikuwemo familia za Imhoff na Hirschvogel. Wajerumani hao, pamoja na wenzao wa Italia, waligharimia meli tatu. Mwezi Julai kundi hilo liliiteka na kuipora Kilwa. Mwezi Agosti liliichoma na kuipora Mombasa. Kisha likaendelea India kupakia pilipili manga na viungo vingine. Tunayajua mengi ya mashambulizi hayo kwa sababu Wajerumani walikuwemo melini wakiandika: Hans Mayr, aliyeacha maelezo ya Kilwa na Mombasa, na Balthasar Springer, wakala wa Welser, ambaye kitabu chake kilichapishwa 1509.

Jina la Imhoff limo katika historia ya mji huu kila unapogeuka. Katika kanisa la Mtakatifu Lorenz kuna mnara wa jiwe lililochongwa kwa ustadi wa ajabu, karibu mita 20 kwenda juu, kazi ya Adam Kraft, uliolipiwa na Hans Imhoff kabla ya safari ile ya 1505. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Ni kazi nzuri mno, na nilitamani pembeni yake pangekuwa na kibao kidogo cha kuwaeleza wageni kwamba familia hiyohiyo baadaye ilitia fedha kwenye meli zilizokwenda Kilwa. Wenyeji wengi hawalijui hilo, na kosa si lao, hawakufundishwa. Sisi wenyewe tunafundishwa Almeida bila kutajiwa nani alimlipia.

Wakati wa safari ile ya 1505 karafuu ilikuwa bado haijapandwa Zanzibar. Ilitoka visiwa vya Maluku peke yake, hasa Ternate na Tidore na majirani zake. Wafaransa waliichukua miche kwa siri kupeleka Mauritius mwishoni mwa miaka ya 1700, na kutoka visiwa vyao ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne iliyofuata. Sultani Seyyid Said aliipenda biashara hiyo kiasi cha kuwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mashamba yalisafishwa, yakapandwa na kuvunwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba iliponea, na tangu hapo ndiyo mama wa karafuu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kufikia wakati huo visiwa hivi viwili vilikuwa vinatoa sehemu kubwa kabisa ya karafuu yote iliyouzwa duniani.

Wajerumani walikuwepo mapema. Nyumba ya biashara ya O'Swald ya Hamburg ilifungua ofisi Zanzibar mwaka 1849, na mwaka 1859 miji ya bandari ya kaskazini mwa Ujerumani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani. Ni katika ulimwengu huo wa wafanyabiashara ambapo Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alimpata Heinrich Ruete, akaondoka Zanzibar 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Baba yake alikuwa ameijaza nchi mikarafuu. Naye alihamia nchi ambako karafuu huingia ndani ya biskuti za Krismasi. Alifariki Jena mwaka 1924.

Kwa hiyo mtoto wa St. Johannis anapolamba kijiko cha donge la Lebkuchen, analamba historia inayomhusu mchumaji wa Wete, mtumwa asiyejulikana jina na mkazi wa Mombasa aliyekimbia moto. Nasema hivi bila kutaka kumharibia mtoto sikukuu yake. Namtakia aipende zaidi. Oma alipoelezwa habari za 1505 aliacha kutwanga. Akauliza miji hiyo iko wapi, akaleta atlasi ya shule ya binti yake, na watoto wakaitafuta Kilwa kwa vidole vyenye unga. Doa la mafuta likabaki kwenye ukurasa wa Afrika Mashariki. Hakuna aliyejali.

Oma mwenyewe anajua maana ya mji kuungua. Alizaliwa 1941. Usiku wa tarehe 2 Januari 1945 ndege za Uingereza ziliushambulia Nürnberg, na mji wa kale, wenye nyumba za mbao na paa kali zilizosimama tangu enzi za Dürer, karibu wote ukateketea. Hakumbuki usiku wenyewe. Anachokumbuka ni Krismasi zilizofuata: mama yake akioka kwa asali bandia iliyotengenezwa kwa sukari, shayiri badala ya lozi, karoti iliyokunwa badala ya maganda ya machungwa. Viungo havikupatikana, isipokuwa mwaka mmoja ambapo mama yake alibadilishana vitambaa vya mezani kwa kopo la mdalasini lililotoka kwa askari wa Kimarekani. Mdalasini huo ulitumika miaka miwili. Kipimo cha miaka hiyo bado kimo katika daftari lake, kimeandikwa kwa penseli, na amekataa katakata kukifuta ingawa hajakipika tena.

Soko la Krismasi la mji, Christkindlesmarkt, lilifunguliwa upya 1948, Oma akiwa na miaka saba. Leo ni miongoni mwa masoko maarufu ya aina yake duniani. Sanduku dogo la mbao la mwaka 1628, lililohifadhiwa makumbusho, lina maandishi yanayolitaja, na hiyo ndiyo kumbukumbu yake ya zamani kuliko zote zinazojulikana. Soko linafunguliwa Ijumaa jioni kabla ya Majilio: taa zinazimwa, na msichana aliyevaa dhahabu, anayemwakilisha Mtoto Kristo, anatokea kwenye roshani ya kanisa la Frauenkirche na kuwasomea watu shairi la ufunguzi. Vibanda vina paa za kitambaa chenye mistari myekundu na myeupe. Vinauza soseji nyembamba kama kidole, wanasesere wa plamu zilizokaushwa, na Lebkuchen za kila umbo. Umati ni mkubwa, na ukifika jioni ya Jumamosi unabebwa na watu hata usipotaka kwenda.

Uwanja huo nao una jambo lake lisilopaswa kupitwa. Hapo palikuwa mtaa wa Wayahudi. Mwaka 1349, kwa idhini ya Karl wa Nne, mtaa ulibomolewa ili upatikane uwanja wa soko, na Wayahudi zaidi ya 500 wa mji wakauawa. Frauenkirche ilijengwa mahali pa sinagogi. Mfalme aliyewapa warina asali hati yao ndiye huyo, na ni mwaka mmoja tu unaotenganisha idhini ile na hati hiyo. Binti ya Oma huwaeleza watoto wake habari hii wakiwa palepale uwanjani, biskuti mkononi. Anasema wakiisubiri shuleni wataisikia kama habari ya watu wengine.

Tukirudi jikoni, mdalasini nao una sheria. Ule wa bei rahisi unaojaa madukani Ulaya, kasia, una kumarini, kemikali ambayo ikizidi inaweza kuumiza ini. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula iliwatahadharisha wazazi kuhusu watoto wanaokula nyota za mdalasini kwa wingi. Mabishano yalikuwa makubwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyofuata iliweka kikomo cha kumarini miligramu 15 kwa kilo katika vitu vya kawaida vya kuoka, lakini kwa vile vya kimila na vya msimu vyenye mdalasini ikaruhusu hadi 50. Naipenda sheria hiyo. Watunga kanuni wa Brussels walikaa wakakiri kwamba Desemba ina haki zake. Oma alitatua jambo hilo kwa njia yake: tangu mwaka ule ananunua mdalasini wa Ceylon, wenye gome jembamba linalovunjika kwa vidole na kumarini kidogo sana. Ndio huohuo unaoota Unguja na Pemba.

Siku ya pili, biskuti zilipokuwa zimekauka na joko linapashwa moto, msichana alitaka kujua watoto wa Zanzibar wanaoka nini sikukuu yao. Nikamwelezea vileja vya Idi: unga wa mchele, samli, sukari, mayai, iliki iliyotwangwa na marashi kidogo, vinaviringwa, vinabonyezwa juu, vinaokwa kwa makaa yaliyopaliwa chini na juu ya sufuria. Nikamwambia jinsi usiku wa kuamkia Idi mtaa mzima unavyonukia iliki, na watoto wanavyotumwa na sahani zilizofunikwa kitambaa kwenda kwa jirani, na kurudi na sahani ileile ikiwa na visheti. Akauliza kama wanaruhusiwa kuonja njiani. Kaka yake akamwambia hilo haliulizwi.

Oma hakungoja Idi. Unga wa mchele ulipatikana duka la Waasia katika mtaa wa Gostenhof. Samli ilikuwepo, Wajerumani wanayo yao, na yeye alikuwa na kopo zima la kukaangia. Marashi alikuwa nayo, ya kutilia lozi. Nilikuwa na wasiwasi na moto, kwa kuwa sijawahi kuona vileja vikitoka vizuri bila makaa ya juu. Oma akanionyesha kitufe cha joko lake: kina alama ya moto wa juu na chini kwa pamoja, na ndio moto anaookea kila kitu tangu alipoolewa.

Tatizo likabaki kipimo. Vikombe na viganja havimtoshi mtu aliyezoea mizani, akataka gramu. Nikampigia shangazi yangu aliyeko Mlandege, Unguja, simu ikiwa juu ya meza katikati ya trei. Akaeleza yote kuanzia mwanzo, na alipofika kwenye samli akasema mama huyo atie mpaka donge likamatane mkononi. Binti ya Oma akatafsiri. Oma akauliza ni gramu ngapi. Shangazi akajibu kwamba inategemea mchele, na amwambie aache kuandika, atie mkono.